Mtangazaji na Mchambuzi

Neno mtangazaji limezaliwa na kitenzi tangaa, yaani kuenea hadi kujulikana kwa wengi. Kikanyambulishwa kikawa tangaza, kulifanya jambo lienee, na aliyeishika kazi hiyo kwa mazoea akapewa jina lake. Babu yake mtangazaji ni mpiga mbiu wa miji ya pwani, ambaye watu walipoisikia pembe yake walijua kuwa liko jambo, wakatoka kusikiliza. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kusikika mwaka 1951, jina hilo lilihamia redioni, likamwenea msoma habari, msoma salamu na mtangaza mpira pasipo kuwabagua.

Katika hao, mtangaza mpira alikuwa na dhima ya peke yake, maana aliazimwa macho ya umma. Msikilizaji aliyekaa juu huku Rondo, mkoani Lindi, chini ya mkorosho, redio imening'inizwa tawini, hakuuona uwanja wala jezi. Sharti aambiwe mpira uko wapi, nani anao, anaelekea lango gani na dakika zimebaki ngapi. Nchini Kenya, Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, aliyejiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964 na kufariki Februari 2025, alisifika kwa ufundi huo, hata aliyekuwa mbali na uwanja akadhani ameketi jukwaani.

Kisha ikaja televisheni: Zanzibar katika miaka ya 1970, na Bara mwaka 1994. Leo timu ya Namungo wakicheza nyumbani katika Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, jirani yao wa Rondo huingia kibanda umiza, yaani banda la kutazamia mpira kwa kiingilio, akaona kwa macho yake winga akikimbia na kipa akiruka. Basi kumwambia kuwa winga anakimbia ni kumrudishia alicho nacho. Hapa ndipo jina la pili, mchambuzi, lilipohitajika.

Mahali palipoonyesha mapema mpaka wa kazi hizi mbili ni Marekani, katika mchezo wao ambao, ingawa jina lake ni mpira wa miguu, aghalabu mpira huchukuliwa mikononi. Mchezo huo una dakika 60 katika vipindi vinne, walakini huchukua saa tatu na zaidi, kwa kuwa kila shambulio likiisha wachezaji husimama na kujipanga upya. Mpira wetu hutiririka kama mto, na mtangazaji hukimbia nao. Wa kwao huenda kwa vituo, na katika kila kituo pana nafasi ya mtu kueleza kwa nini lililotokea limetokea.

Pat Summerall alizionja kazi zote mbili. Alikuwa mchezaji wa New York Giants, hodari wa kupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya milingoti. Alipostaafu akaingia shirika la utangazaji la CBS katika miaka ya 1960, kwanza akiwa mchambuzi, na mwaka 1974 akageuzwa mtangazaji. Kuanzia mwaka 1981 alifuatana na John Madden, aliyekuwa kocha, mwingi wa maneno, aliyechora mistari juu ya picha kuonyesha beki alivyohadaiwa. Summerall alitaja mchezaji, kitendo na umbali, kisha akanyamaza, akimwachia mwenzake uwanja wa maneno. Wakaenda hivyo hadi Februari 2002.

Kuchambua ni neno la shambani na jikoni kabla ya kuwa la studio. Tunapoziokota korosho huzichambua kabla ya kuzipeleka ghalani: nzuri huku, mbovu kule, kila moja kwa daraja lake. Mchambuzi wa mpira naye hushika dakika iliyokwisha kupita, akatenga bahati na ustadi, kosa la beki na werevu wa mshambuliaji. Wako wapendekezao msimulizi badala ya mtangazaji; lakini kusimulia ni kwa jambo lililokwisha kutendeka, na mtangaza mpira husema lingali linatendeka, wala hajui mwisho wake.

Je, televisheni imemwondolea mtangazaji kazi, hata jina lake listahili kufutwa? Nisingesema hivyo, kwa sababu ya jambo nilionalo kila siku ya mechi. Nje ya kibanda umiza, nyuma ya ukuta wa mabati, hukaa watoto wasio na kiingilio na wazee wasiopenda kubanwa, masikio yao yameelekea ndani. Mtangazaji anaponyamaza, kwa kudhani kuwa picha imetosha, waliomo ndani hawapungukiwi na kitu. Ila walioko nje huulizana kwa macho, mpaka mmoja wao ainuke akachungulie tundu la msumari.