Uzi wa Zebaki na Sifuri Iliyopinduliwa

Kiswahili huiita digrii ya joto uzi: twasema nyuzi joto 30. Asomaye kipimajoto cha zebaki huuona uzi huo hasa, mstari mwembamba wa rangi ya fedha ndani ya kioo. Jicho lake sharti liwe sawa na ncha yake. Akitazama kwa mshazari, atasoma namba isiyo yake.

Namba zenyewe ni makubaliano ya watu. Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig aliyefanya kazi Uholanzi, alieleza kipimo chake mwaka 1724: sifuri ilikuwa baridi ya barafu iliyochanganywa na maji na chumvi, 32 ilikuwa barafu ndani ya maji matupu, na 96 joto la mwili wenye afya. Anders Celsius wa Uppsala, Uswidi, mwaka 1742 aligawa nafasi iliyo kati ya kuganda na kuchemka kwa maji katika sehemu 100. Lakini kuchemka alikupa 0, na kuganda 100! Kwa hesabu yake, homa ikipanda namba hushuka. Alifariki mwaka 1744, na haukupita muda mrefu kipimo kikapinduliwa. Hicho kilichopinduliwa ndicho kinachobeba jina lake.

Kwa hiyo hunikera kusoma kwamba nyuzi 40 ni joto maradufu ya nyuzi 20. Sifuri ya Celsius ni barafu tu, si ukosefu wa joto. Zigeuze namba hizo kuwa za Fahrenheit: 20 ni 68, na 40 ni 104. Umaradufu uko wapi?

Na neno joto tumelibebesha mizigo miwili. Katika karne ya 18 Joseph Black wa Uskoti alionyesha kwamba barafu inayoyeyuka hunywa joto jingi, na uzi wa zebaki usipande hata alama moja. Kinachoingia kwenye barafu ni joto. Kinachosomwa kwenye kioo ni halijoto. Wapo wasemao jotoridi. Mimi silipendi sana, kwani hutaja baridi kana kwamba ni kitu cha pili kinachopimwa. Tena, kwa watunzi, halijoto ina mizani 4 sawa na jotoridi, lakini kina chake ni “to”, kilekile cha joto. Anayesahihisha ubeti atatafuta mizani 2 tu za kupunguza.