Ngoma Moja, Walipaji Watatu

Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda, likawa sehemu ya nchi tunayoiita Kenya leo. Mpaka mpya ukawaacha Wateso katika nchi mbili: wengine Tororo, Uganda, wengine Amagoro na Busia, Kenya. Ngoma yao haikukatika. Akogo, ile marimba ndogo ya vidole gumba, ikilia upande wowote, mwanamke anayecheza huipeleka nguvu yote shingoni na mabegani. Bega hutetemeka mpaka jicho lishindwe kulifuata, huku miguu ikinyata tu vumbini.

Tofauti huanza ukiuliza mchezaji huyo anakula wapi.

Nyumbani mlipaji ni mwenye shughuli. Mchezaji hulishwa, hukaribishwa kwenye chungu cha pombe ya ajono avute kwa mrija mrefu, na akizikuna nyoyo za watu hutuzwa noti. Ni heshima kubwa, ila haitoshi karo.

Kenya ilileta mkono wa serikali. Bomas of Kenya, kituo cha utamaduni kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1971, kilimfanya mchezangoma mwajiriwa, na kazi yake ikawa kucheza ngoma za makabila mengi, si ya kwao tu. Uganda, Stephen Rwangyezi alianzisha Ndere Troupe mwaka 1984, akalipa kundi jina la endere, filimbi. Chipukizi wengi wamesomeshwa kupitia kundi hilo. Mshahara nauheshimu, lakini moyo wangu uko kwa Rwangyezi: magoti ya mchezaji huchakaa mapema, na elimu humbakia.

Ila njia zote mbili humtoa mtu kwao. Busia hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400. Tororo hadi Kampala, kama 200. Anayelipwa huenda mbali na wale ambao angewafundisha. Jirani yetu Kakamega ametuonyesha hatari ya ngoma kukosa warithi. Isukuti, ngoma ya huko ichezwayo kwa ngoma tatu na pembe ya swala, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka: wajuzi wamezeeka, warithi ni haba, na fedha za kutengeneza ala na mavazi hazipatikani.

Ndiyo maana natamani kundi la kulipwa papa hapa mpakani. Kwa sasa, msichana anayetuzwa Jumamosi harusini, Jumatatu yuko sokoni Busia anapanga nyanya mafungu mafungu, na bega lile limebeba kikapu.