Kalamu iko mkononi mwa nani?

Kwenye kibanda cha chai pale Malaba, kaunti ya Busia, hatua chache kutoka foleni ya malori, Ingwe, yaani AFC Leopards, walikuwa wamefungwa tena na hukumu ikatoka kabla chapati haijageuzwa: "Kocha apigwe kalamu!" Aliyeitoa ni wakala wa forodha, kalamu yake mwenyewe imechomekwa nyuma ya sikio.

Kupigwa kalamu ni kufutwa kazi: jina liko kwenye orodha, linapigwa mstari, basi. Kalamu tumeipata kwa Waarabu, nao waliitoa kwa Wayunani, ambao kwao ilikuwa mwanzi tu.

Linalonikera ni lile -w- la kupigwa. Linamficha mpigaji. AFC Leopards walitwaa ligi 1998, kisha wakakaa zaidi ya miaka 25 bila taji la ligi, makocha wakiingia na kutoka. Nani aliwaajiri? Nani aliwasajili wachezaji? Huyo kibandani huitwa "wakubwa", kwa wingi, asijulikane.

Hata kule Manchester United, Erik ten Hag alipopigwa kalamu Oktoba 2024, Busia nzima ilisherehekea au kununa. Mkurugenzi wa michezo, Dan Ashworth, akaondoka Desemba baada ya miezi mitano tu. Nilipomtaja, nikaulizwa anacheza namba ngapi.

Nikamuuliza wakala: huyo kocha wa Ingwe, nani ampige kalamu? Akaichomoa ya sikioni, akaitazama.

"Mzee, lori langu limeitwa."