Kukataliwa West Point si mwisho wa safari

Kijana aliyekosa nafasi katika chuo cha kijeshi cha West Point, jimboni New York, Marekani, anaruhusiwa kuomba tena, maadamu hatakuwa ametimiza umri wa miaka 23 kufikia Julai 1 ya mwaka wa kujiunga. Hata hivyo, pendekezo la mbunge au seneta alilopewa awali halimfai tena. Sharti atafute jingine. Aghalabu mwombaji huutumia mwaka huo katika chuo kikuu, akikazania hisabati na sayansi, kisha hurudia jaribio la ukakamavu wa mwili. Wengine huteuliwa kuingia shule ya matayarisho ya West Point, ambayo haiombwi moja kwa moja. Anayesubiri tu bila kurekebisha upungufu wake hupoteza mwaka, na umri haumngoji.