Vigae vya Kura vya Athens

Kila mwaka raia wa Athens ya kale waliulizwa kama wanataka kumfukuza mtu mjini. Wakikubali, siku ya kura kila mmoja alileta sokoni, Agora, kigae kilichokwaruzwa jina. Kura zikifika 6,000, aliyetajwa zaidi alihama kwa miaka 10, ila mali yake haikuguswa. Wanawake na watumwa hawakupiga kura.

Themistocles, shujaa wa vita vya Salamis vya 480 KK, alifukuzwa hivyo. Katika kisima kimoja kando ya kilima cha Akropoli vilipatikana vigae 190 vyenye jina lake, vingi vikiwa vitako vya vikombe vya divai. Miandiko ni ya watu wachache tu: huenda wapinzani wake waliviandaa mapema ili wavigawe.