Wafalme Waliokataa Kufa: Fitina za Kiti cha Enzi cha Urusi

Mnamo tarehe 15 Mei 1591, wakati wa adhuhuri, katika mji wa Uglich ulioko ukingoni mwa mto Volga, mtoto wa miaka minane aitwaye Dmitry, kitinda mimba wa marehemu mfalme Ivan wa Nne, yule ambaye dunia yamjua kwa lakabu ya Ivan wa Kutisha, alikutwa uani kwao akivuja damu kooni, naye hakuishi. Kengele ya kanisa ikagongwa, watu wakaja mbio, na mama wa mtoto, Bibi Maria Nagaya, akawapigia ukelele kwamba mwanawe amechinjwa na watu wa serikali. Basi wenye mji, bila kungoja kadhi wala shahidi, wakamshukia karani wa serikali, Mikhail Bityagovsky, wakamwua yeye na wengine waliokuwa naye. Moscow ikapeleka tume chini ya kabaila mkubwa, Vasily Shuisky, nayo tume ikahoji watu wengi na kutoa hukumu kwamba mtoto alikuwa akicheza na wenzake mchezo wa kurusha kisu, akashikwa na kifafa, akajikata mwenyewe.

Wenyeji wa Uglich waliadhibiwa vikali, na kengele nayo haikusalimika. Iling'olewa ulimi, ikakatwa sikio, ikachapwa viboko hadharani, kisha ikahamishwa Siberia, katika mji wa Tobolsk, ambako ilikaa karne tatu hata iliporudishwa kwao mwaka 1892. Msomaji atacheka, na ana haki ya kucheka. Ila asisahau kwamba waliotoa hukumu ile walijua vema kuwa sauti iliyokwisha kutoka hairudi, na yaliyofuata yaliwasadikisha.

Kwani mwaka 1598 alifariki ndugu yake Dmitry, mfalme Fyodor, asiache mtoto, na ukoo uliotawala nchi tangu zama za kale ukakatika. Kiti kikashikwa na shemeji yake, Boris Godunov, mtu hodari wa siasa, ambaye hakuwa na upungufu wowote ila mmoja, nao ni kwamba hakuzaliwa katika ufalme. Kisha ikaja njaa ya mwaka 1601 hadi 1603, baridi kali ikiunguza mazao katikati ya kiangazi, watu wakifa vijijini na mabarabarani. Na raia, waliozoea kumwona mfalme kuwa kivuli cha Mungu, wakauliza ni dhambi gani hii tunayolipa, wakamkumbuka mtoto wa Uglich. Wakati huo huo, huko Poland, akatokea kijana aliyedai kwamba ndiye Dmitry, aliyeponyoka wauaji kwa hila. Serikali ya Godunov ilitangaza kuwa yeye si yeyote ila Grigory Otrepyev, mtawa mtoro. Lakini tangazo la mtu asiyeaminiwa huwa ni shahada kwa adui yake. Kijana akavuka mpaka mwaka 1604 na jeshi dogo, Godunov akafa ghafla Aprili 1605, mwanawe akauawa, na mwezi Juni yule mdai akaingia Moscow, kengele zikilia kwa furaha, na Bibi Maria Nagaya, mama aliyemlilia mwanawe Uglich, akamkumbatia mbele ya umma akamwita mwanangu.

Ama Vasily Shuisky, huyu astahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1591 alishuhudia kwamba mtoto alijikata kwa kifafa. Mwaka 1605 alikiri kwamba mtoto hakufa, na huyu hapa ndiye. Mwezi Mei 1606 aliongoza njama iliyomwua huyo mfalme, siku chache tu baada ya arusi yake na Marina Mniszech, binti wa kabaila wa Poland. Kisha, akiwa sasa amevaa taji yeye mwenyewe, akatangaza kwamba mtoto aliuawa kwa amri ya Godunov, akayaleta mabaki yake Moscow, na Kanisa likamtangaza kuwa mtakatifu. Ushahidi wa namna tatu juu ya maiti moja, kutoka kinywa kimoja! Yasimuliwa kwamba mwili wa yule mdai ulichomwa moto, na jivu lake likashindiliwa katika mzinga likafyatuliwa kuelekea Poland alikotoka. Haikufaa kitu. Mwaka uliofuata akatokea Dmitry wa pili, na Marina, mjane, akamtambua kuwa ni mumewe. Kisha wa tatu, katika nchi za Pskov. Wapolandi wakaikalia Moscow, na haikutulia nchi mpaka walipotolewa mwaka 1612, na mwaka uliofuata baraza kuu likamchagua kijana wa miaka 16, Mikhail Romanov. Mtoto wa Marina, umri wa miaka mitatu, alinyongwa mwaka 1614, maana watawala wapya walikuwa wamejifunza kile ambacho mtoto wa mfalme anaweza kufanya akishakufa.

Katika misiba hii kuna jambo ambalo wengi hulipita. Raia wa Urusi aliyeinuka kwa silaha hakusema kwamba hataki mfalme, bali alisema kwamba aliye kitini si mfalme wa kweli, na wa kweli yuko njiani. Dhulma ilikuwa ya makabaila na makarani, naye mfalme, laiti angalijua, angaliiondoa! Nchi isiyokuwa na baraza la kudumu la kupokea malalamiko ya mnyonge ilimwachia mnyonge mlango mmoja tu, nao ni kumtafuta mfalme mwingine kwa jina lile lile.

Mlango huo ndio alioingilia Yemelyan Pugachev, Mkosaki wa mto Don, asiyejua kusoma wala kuandika. Mwaka 1762 Catherine alimpindua mumewe, mfalme Peter wa Tatu, aliyekuwa ametawala miezi sita. Baada ya siku chache mume akafa kizuizini, na serikali ikatangaza kwamba ameuawa na bawasiri iliyopanda tumboni. Wangapi waliosadiki? Mnamo 1773 Pugachev aliwafunulia Wakosaki wa mto Yaik kifua chake, akawaonyesha makovu, akasema kuwa hizo ni alama za ufalme, na kwamba yeye ndiye Peter. Aliuzingira mji wa Orenburg, akauchoma Kazan, na Julai 1774 akatoa waraka wa kuwaachia huru wakulima wote waliofungwa na sheria katika ardhi za mabwana. Mwishowe wenzake wenyewe walimtoa, akauawa Moscow Januari 1775. Catherine, naye, akaufuta mto Yaik kwa kuuita Ural, jina ulilo nalo hata leo. Aliyeandika historia ya uasi huo, na tamthilia juu ya Godunov pia, ni Alexander Pushkin, ambaye babu wa mama yake alikuwa Mwafrika, Abram Gannibal, aliyeletwa kijana katika nyumba ya Peter Mkuu.

Mlango ule ulibishwa tena Desemba 1825, askari waliposimama katika uwanja wa Petersburg wakilitaja jina la mwanamfalme Konstantin, waliyeambiwa kwamba ameporwa taji na mdogo wake. Januari 1905 wafanyakazi walikwenda jumba la mfalme na sanamu za watakatifu na picha za Nicholas wa Pili, kumwomba kama baba. Mwenyewe hakuwapo, na askari wakawapiga risasi. Siku ile mlango ulifungwa, na Machi 1917, Nicholas aliposaini kujiuzulu ndani ya behewa la treni, Pskov, raia hawakuinua jina la mfalme mwingine.

Mwezi Julai 1918 Nicholas aliuawa pamoja na mkewe na watoto wao watano mjini Yekaterinburg, na maiti zikafichwa. Mara wakatokea wadai, na aliyejulikana zaidi ni yule mwanamke wa Berlin aliyejiita Anastasia, binti wa Nicholas, hata uchunguzi wa chembe za urithi ulipombatilisha, yeye akiwa ameshakufa miaka kumi nyuma. Mifupa ya Nicholas ilizikwa Petersburg tarehe 17 Julai 1998, rais wa nchi akihudhuria. Kanisa, kwa kuwa lilikuwa na shaka bado, liliwaombea waliozikwa bila kuwataja kwa majina.