Uyoga wa mwituni, uokotaji wake (Pemba)

Uokotaji wa uyoga wa mwituni ni kazi ya kutafuta, kutambua na kuchuma uyoga unaoliwa ambao haukupandwa na mtu. Tanzania Bara kazi hii imestawi zaidi katika ukanda wa miombo, kama Tabora na Iringa, ambako mvua zikishika uyoga huuzwa kwa ndoo na masinia kando ya barabara. Pemba mambo ni mengine. Ujuzi wa kuokota chakula kisichopandwa upo, tena mkubwa, lakini umeelekea pwani: wanawake wanaoteremka siku za bamvua kutafuta pweza na chaza hulijua kila jiwe na kila tundu. Uyoga haujapata hadhi hiyo.

Sababu mojawapo ni jiografia. Mkondo unaoitenga Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, hivyo kisiwa hakikuungana na bara hata bahari iliposhuka katika enzi ya barafu. Unguja, yenye mkondo wa maji mafupi, iliungana. Pemba haina misitu ya miombo. Uyoga wa manjano wa jenasi Cantharellus na ule wa Lactarius unaotoa utomvu kama maziwa, ambao watu wa bara huusifu sana, hutegemea mizizi ya miti hai, na pasipo miti wenza hauoti. Kwa hiyo aliyejifunzia Tabora akija Konde, kisiwani Pemba, inampasa aanze upya. Kitabu kikubwa cha uyoga wa Tanzania, kilichotolewa mwaka 2003 na Wafini Marja Härkönen na Tuomo Niemelä pamoja na mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi, kinafaa kwa kujifunza jenasi, si kwa kufanywa orodha ya kapu.

Mpemba anaijua kuvu zaidi kama adui wa mkarafuu. Ugonjwa wa kufa ghafla kwa mikarafuu ulihusishwa na kuvu iitwayo Valsa eugeniae katika utafiti wa miaka ya 1950. Lakini gogo lililolala chini, baada ya masika (Machi hadi Mei) au vuli (Oktoba hadi Desemba), ndilo darasa la kwanza la mwokotaji. Hapo hutafutwa Auricularia, uyoga wenye umbo la sikio na rangi ya kahawia. Hauna mguu wa maana, wala vile vijikunjo vyembamba vinavyopangana chini ya kofia kama kurasa. Mgongoni una vinyweleo vifupi, ndani ni laini, na ukiubonyeza hunepa bila kuvunjika. Jua likiwaka hukauka ukawa mgumu, ukitiwa maji huvimba tena. Hupikwa ukaiva, katika mchuzi wa tui hubaki na ugumu kidogo wa kutafuna, na wasioupenda hawana la kulaumiwa.

Uyoga wenye kofia na mguu ni wa baadaye sana. Volvariella volvacea huota kwenye majani ya mpunga na takataka za migomba zinazooza, nao unaliwa. Shina lake huanzia ndani ya kifuko. Amanita nyingi zina kifuko kama hicho, na baadhi yake huua. Wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki wamepata kufa Marekani kwa kudhani wameuona uyoga wa kwao. Kipimo cha msingi ni rangi ya spora: kofia hukatwa mguu, hulazwa juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, hufunikwa kwa bakuli mpaka asubuhi. Volvariella huacha vumbi la waridi, Amanita jeupe. Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa mweupe wa kwenye nyasi fupi, huacha la kijani, na anayeula hutapika na kuharisha baada ya saa chache. Rangi ya spora inaweza kutosha kuukataa uyoga. Peke yake haitoshi kuukubali.

Vipimo vya mitaani havina thamani. Kijiko cha fedha kisichobadilika rangi na kitunguu thomu kilichobaki cheupe havithibitishi lolote. Konokono naye hula sumu ambayo mtu haimudu. Sumu ya Amanita hatari haiondoki kwa kuchemshwa, na dalili zake huchelewa, kwa kawaida saa 6 hadi 24. Baada ya kutapika na kuharisha mgonjwa huweza kupata nafuu ya siku moja hivi, huku ini likiendelea kuharibika. Ndiyo maana anayeugua baada ya kula uyoga hupelekwa hospitali mara moja, nafuu iwepo isiwepo, pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe, yakiwemo maganda ya jikoni, yakifungwa kwenye karatasi. Mfuko wa plastiki huyaozesha kabla hayajatambuliwa.

Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, ni hifadhi. Kuchuma chochote humo kunahitaji ruhusa ya mamlaka ya misitu, hata kama ni sikio moja la uyoga kwenye gogo lililooza.